Kasha la Vyombo Vitano

Siku tuliyompelekea Mzee Mbonimpa kasha, nilivaa gauni la kitenge ambalo shangazi Speciose alisema linanifanya nionekane mtu mtulivu. Nilimjibu kwamba kama utulivu unashonwa kwa cherehani, basi angeninunulia magauni sita. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikumwona akicheka tena siku ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, fundi seremala wa Kanoni, binti wa fundi seremala wa Kanoni, na nilikuwa nampenda Ahabwe kwa kiasi ambacho kilishaanza kunitia aibu. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani, naacha randa katikati ya ubao. Baba yangu ananitazama juu ya miwani yake, hasemi neno, halafu anaichukua ile randa na kumalizia mwenyewe.

Ahabwe alikuwa na duka la dawa za mifugo pale Rubwera, wilayani Kyerwa. Kwao ni wafugaji. Nyumba yao iko mbugani, mwendo wa pikipiki kutoka Rubwera, mahali ambapo huoni mgomba hata mmoja, ni nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu mpaka macho yanachoka. Sisi ni watu wa migomba na kahawa. Kwetu walisema nitakonda kwa maziwa matupu. Kwao walisema mwanamke mwenye sugu za msumeno atawezaje kushika chombo cha maziwa. Mimi na Ahabwe tulikuwa tunayasimuliana hayo maneno na kucheka, kama watu ambao hawajaona taabu.

Safari ya kwanza nilipopelekwa kwao, Mzee Mbonimpa, baba yake Ahabwe, alinipokea vizuri. Alinipa maziwa, akaniuliza habari za baba, akatazama viganja vyangu kwa muda mrefu, wala hakusema ndiyo wala hapana. Alisema nirudi na shangazi yangu baada ya miezi miwili, ndipo atatoa jibu lake. Miezi miwili. Nilizihesabu siku zote, msinicheke.

Siku hiyo ya kwanza ndipo nilipoviona vyombo. Vilikuwa vitano, vya mti, vyeusi kwa moshi na kwa umri, vimepangwa juu ya jukwaa la udongo ukutani, kila kimoja na kifuniko chake cha kusuka. Wenyewe wanaviita ebyanzi. Vilikuwa vya marehemu mama yake Ahabwe, aliyefariki miaka miwili kabla. Wiki iliyofuata Ahabwe alikuja karakanani kwetu, akakaa juu ya gogo, akaniambia kwamba mchwa wamepanda kwenye lile jukwaa, wamekula kifuniko kimoja na kuanza kugusa mti wenyewe. Aliniambia huku ameinama. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Ningejua namna ya kuvihifadhi, Koku," alisema. "Vikiisha vile, mama atakuwa amekufa mara ya pili."

Sasa, kuna watu ukilia mbele yao wanakukumbatia. Mimi ukilia mbele yangu natafuta ubao. Palepale nilikwishaliona kasha lote kichwani: la mbao za msizi zilizokauka mwaka mzima juu ya dari ya baba, lenye miguu ili lisiguse ardhi, na ndani vyumba vitano, kila chombo na chumba chake, kisimame bila kugongana na mwenzake. Zawadi yangu kwa nyumba ile. Nilimwambia. Alikwangua gogo kwa ukucha, kisha akatabasamu, akasema nimpe futi akapime.

Alirudi na karatasi. Alikuwa amepima kila kitu: urefu, tumbo, shingo, mdomo. Mwandiko wake ni mzuri, umelala upande, na mpaka leo nikiuona mahali moyo unapiga vibaya. Tulichora pamoja. Jumamosi mbili alifunga duka mapema, akaja kunisaidia kupiga msasa. Kona zote nilizifunga kwa meno, mbao kwa mbao, bila msumari hata mmoja. Vanishi niliikataa, nikijua harufu yake ingeingia kwenye vyombo na kuharibu maziwa. Nikapaka nta ya nyuki kwa kitambaa, mkono baada ya mkono, hadi mbao ikang'aa. Jumamosi ya pili tulikuwa tunasugua mfuniko, yeye upande huu na mimi upande ule, na mikono yetu ikakutana katikati. Hakuuondoa wake. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Alinitazama kwa namna ambayo nilisahau nilichotaka kumuuliza, na ilibidi nikikumbuke baadaye.

"Baba yako atalipenda?"

Alichelewa kujibu. Alipuliza vumbi kwenye mfuniko, akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Atafurahi." Nilidhani amechelewa kwa sababu ya kumkumbuka mama yake. Nilikuwa nimempenda mno kiasi cha kumtafutia sababu nzuri kwa kila jambo.

Tulipanda Hiace hadi Rubwera, kasha likiwa juu limefunikwa turubai, kisha tukachukua pikipiki mbili. Kijana mmoja aitwaye Elick alibeba kasha kwa uangalifu, na sisi wawili tukafuata nyuma tukila vumbi lake. Shangazi alikuwa na kikapu cha kahawa za kutafuna mapajani, zilizokaushwa na kufungwa kwenye majani ya mgomba, maana huendi kwa wakwe mikono mitupu.

Tulipofika tulikaribishwa ndani. Tukamwamkia mzee, akaitikia, akamuuliza shangazi habari za njia na za mvua. Katusiime, dada yake Ahabwe, alituletea maziwa. Ahabwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, shati jeupe, mikono katikati ya magoti. Tulitazamana mara moja tu, kwa adabu ya nyumba, lakini ilinitosha. Shangazi alitoa kahawa, mzee akatafuna moja na kuisifia. Nilianza kupumua.

Kisha kasha likaletwa katikati ya chumba. Nikaondoa kitenge nilichokuwa nimelifunika nacho.

Mzee Mbonimpa aliinuka. Ni mtu mrefu, mwembamba, na anatembea na fimbo asiyoihitaji. Alilizunguka kasha, akainama kwenye kona, akapitisha kidole kwenye meno ya mbao na kuuliza ni nani aliyeyakata. Nikasema ni mimi. Akasema hajawahi kuona kona iliyofungwa vile. Shangazi alinifinya paja kwa furaha. Mzee akauliza ni la kuwekea nini.

Nilifungua mfuniko, nikamweleza. Nilieleza vizuri, naweza kusema. Nikamwonyesha vyumba vitano, miguu ya kuzuia mchwa, komeo la mti. Nikamwambia kwamba vyombo vya mama vitakaa humu, mfuniko umefungwa, hakuna mdudu atakayevigusa tena.

Nikiwa bado nasema, Katusiime alitoka nje haraka. Mzee alirudi kwenye kiti chake na kukaa taratibu. Nilisikia ndama anakohoa zizini.

"Mwanangu," alisema mzee, "unajua vyombo vya maziwa hufungiwa lini?"

"Sijui, baba."

"Ng'ombe wakiisha."

Alituambia polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Alikuwa mtoto wakati ugonjwa ulipoingia kwenye zizi la baba yake. Walikufa wote msimu mmoja. Siku alipokufa wa mwisho, mama yake alivishusha vyombo kutoka kwenye jukwaa, akavitia ndani ya pipa, akafunika, na tangu hapo wakawa watu wanaoomba maziwa kwa majirani. Kwao chombo hukaa wazi, juu, mahali mgeni anapokiona akiingia, hata kama mwenye chombo amekufa. Kumletea mtu kitu cha kuvifungia ni kumwambia kwamba zizi lake limekwisha.

Sijui niseme nini kuhusu nilivyojisikia. Mikono yangu, ambayo nilijivunia miezi miwili mizima, niliificha chini ya kitenge. Shangazi alipiga magoti. Alimwomba mzee radhi kwa niaba ya ukoo, akasema sisi ni watu wa migomba, mtoto alitaka kufurahisha na hakuwa na wa kumweleza. Mzee alimwinua.

"Keti, mama. Hilo nimelielewa. Mtu wa migomba atajuaje? Sina neno naye kwa hilo."

Niliinua kichwa. Nadhani nilitabasamu. Na pengine mambo yangeishia hapo, tungekunywa maziwa, kasha lingerudi Kanoni likawekewa mablanketi, na mimi leo ningekuwa na watoto wenye shingo ndefu. Lakini mzee aliinuka tena. Akaenda kwenye jukwaa, akakichukua chombo kimoja kwa mikono miwili, akakishusha ndani ya kasha. Kiliingia na kusimama bila kuyumba. Akachukua cha pili, kile kinene cha tumbo, akakijaribu kwenye chumba chake. Kikaingia hivyohivyo.

Akavirudisha vyote viwili mahali pake kabla ya kugeuka.

"Nani alipima?"

Akatueleza, na hapo nilielewa. Vyombo vile havikuwa vya kuguswa na kila mtu. Katusiime peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvishusha kila Jumapili, kuvisafisha na kuvifukiza kwa moshi wa nyasi, na mzee alikuwa amewaapisha hivyo siku ya msiba. Ahabwe hakuwahi kuniambia. Mzee alimwita Katusiime, akamuuliza. Akasema si yeye, na uso wake ulionyesha kwamba si yeye. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Ahabwe, ulikuwa na habari ya kasha hili?"

Ahabwe alikuwa anatazama kikombe chake cha maziwa.

"Sikuwa nayo, tata," alisema. "Nimeliona leo."

Nilimtazama. Nilisubiri acheke, au akohoe, au aseme ngoja kwanza. Miezi miwili ile yote ilikuwa imekaa mbele yetu imepakwa nta, na upande mmoja wa mfuniko ameusugua yeye, na anasema ameliona leo. Hakuinua macho. Niliona sikio lake moja limebadilika rangi, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma. Nilijua anachokiogopa. Baba yake ndiye mwenye ng'ombe wa mahari, ndiye mwenye kila kitu, na ndiye mzazi pekee aliyembakia.

"Basi ulipima wewe," mzee aliniambia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Kusema kweli ilikuwa rahisi. Ile karatasi yenye mwandiko uliolala upande ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nimeihifadhi kama mjinga wa mapenzi. Ningeitoa tu. Lakini nilifikiri hivi: nikibeba hili kosa, hatakubali. Ahabwe ninayemjua hatakaa kwenye kigoda akiniangalia nikichukuliwa kuwa mtu wa kupekua vitu vya marehemu. Atasimama. Nitampa nafasi ya kusimama.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni mimi. Siku ile ya kwanza, mlipotoka kutazama ng'ombe wakinywa maji."

Shangazi alinigeukia. Yeye alimwona Ahabwe karakanani kwa macho yake, akiwa na msasa mkononi. Alifungua mdomo, nikamshika mkono kwa nguvu, akaufunga.

Nilisubiri. Nje ndama alikohoa tena. Ahabwe alinywa funda la maziwa.

Mzee Mbonimpa alipozungumza, alimwambia shangazi, si mimi.

"Mama, nikwambie ukweli. Nilikuwa nimekwisha kubali. Mikono yake niliipenda siku ile ile, ni mikono ya mtu asiyelala. Jana nilimtenga mtamba wa kumpa akija hapa, yule mwekundu, Bihogo. Uliza vijana wangu." Akajifuta mdomo. "Lakini mke wangu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu akagusa kitu bila kuomba. Siwezi kumweka mahali pake mtu anayegusa vitu watu wakiwa nje. Nisamehe. Jibu langu ni hapana."

Tulishukuru. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, unaambiwa hapana unashukuru. Shangazi aliacha kikapu cha kahawa. Mzee aliagiza kasha libebwe taratibu lisikwaruzwe, kwa kuwa ni kazi nzuri, na likatolewa nje hadi zilipokuwa pikipiki, mbele ya ua wa miti ya minyaa. Nilitembea nyuma yake nikiwa nimenyoosha mgongo. Sikulia. Machozi yalikuwapo ila yalikuwa yanamsubiri mtu.

Alikuja. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, nikamwomba shangazi atangulie. Alikwenda akasimama karibu na Elick, akatugeuzia mgongo.

"Koku," alisema Ahabwe. Sauti ilikuwa imepasuka. "Koku, nisamehe. Sijui kilichonipata. Nilifikiri mzee amebadilika. Nilifikiri akiliona lilivyo zuri..."

"Ulijua maana yake tangu siku ya kwanza?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Na ulijua hairuhusiwi kuvishika."

"Nilijua. Lakini ulifurahi sana, Koku. Ulivyokuwa unalieleza lile kasha, nikaona nikikwambia hapana nitakuwa nimekunyang'anya kitu. Na mimi mwenyewe nilitaka vipone."

Nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwamini kila neno. Alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia joto lake, na macho yake yamejaa, na mimi nilitaka kumfuta uso kwa kitenge changu mbele ya ng'ombe wote wa Kyerwa. Nampenda, nilijiambia. Nampenda na sasa hivi ananipoteza, na bado anaweza kulizuia.

"Nimesema uongo kwa ajili yako," nilimwambia. "Sitauondoa mimi. Ukiuondoa wewe, uongo huo utaondoka. Baba yako yuko ndani, hajaondoka kwenye kiti. Rudi umwambie ni wewe uliyepima. Neno moja tu. Mimi nasimama hapa."

"Nitamwambia. Nakuapia. Kesho akiwa ametulia. Ana presha, Koku, umemwona mikono inavyotetemeka. Nipe wiki moja."

"Wiki moja nitakuwa mwizi Kyerwa nzima."

"Atanifukuza."

"Anaweza. Nyumba yetu Kanoni ina chumba, na karakana ina kazi ya watu wawili. Njoo bila ng'ombe hata mmoja, nitakuchukua. Hilo nalisema mbele ya shangazi yangu. Lakini mwambie leo."

Alinitazama kwa muda. Kisha akageuka, akaenda. Moyo wangu uliruka, sitaki kuwaficha, uliruka kabisa, nikashika ukingo wa kasha nisije nikaanguka. Shangazi naye aligeuka kutazama. Ahabwe alipita kwenye mwanya wa ua, akavuka kiwanja kilichofagiliwa, akafika mlangoni. Akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango. Akasimama.

Nilihesabu pumzi zangu. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka, kama wa mtu anayejiandaa kusema. Katusiime alikuwa ametulia uani na ndoo mkononi, anamtazama yeye kisha ananitazama mimi, na nadhani yule binti alikwishaelewa kila kitu.

Kutoka ndani nikasikia sauti ya mzee, imechoka, inauliza ni nani anayesimama hapo mlangoni, na kama wale wageni bado wapo.

Ahabwe aliinamisha kichwa.

"Hakuna mtu, tata," alijibu. "Ni mimi tu."

Akaingia ndani.

Shangazi alikuja akanishika kiuno, akanipandisha kwenye pikipiki. Elick aliuliza kama akaze kamba zaidi, njia ina mashimo. Nikamwambia akaze, tuondoke.